Fanicha iliyotupwa: ipi uibebe, ipi uiache palepale

Chukulia meza ya mbao na kochi la kitambaa vimetolewa nje na nyumba moja, na vyote vinaonekana vizima. Meza nitaibeba. Kochi nitaliacha, hata kama ndilo zuri zaidi. Meza naweza kuipindua, kuchomoa droo, kumulika kila pembe kwa tochi na kuifuta yote kwa maji ya sabuni. Kochi limeficha tumbo lake chini ya kitambaa, na kilichomo utakijua likiwa tayari sebuleni.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila kitu cha kuokota: je, naweza kukiona chote, na je, naweza kukisafisha chote? Wengi huanza kwa kujiuliza kama kitu kinapendeza, au kama fundi atakiweza. Ninakusihi uanze na usalama. Mguu uliovunjika hurudishwa kwa gundi na skrubu, lakini kunguni waliokwisha kusambaa vyumbani, au madini ya risasi yaliyokwisha kuingia mwilini mwa mtoto, hayo ni mambo ya kuhangaika nayo muda mrefu na kwa gharama kubwa kuliko fanicha mpya.

Mbao halisi, plaiwudi na chipubodi

Kwa mbali zinafanana, maana chipubodi na MDF huvikwa vinia, yaani utando mwembamba wa mbao, au karatasi yenye picha ya mbao. Usidanganywe na uso. Tazama ukingo, tazama chini ya meza, tazama mgongo wa kabati. Kwenye mbao halisi mistari ya juu hupanda hadi ukingoni na kuendelea upande wa pili. Plaiwudi huonyesha matabaka yaliyolaliana. Chipubodi ina punje na vipande vilivyogandishwa kwa gundi, na MDF ni unga laini wa kahawia ulioshikana, usio na mstari wowote.

Mbao halisi ndiyo yenye maisha marefu. Inarandwa, inapigwa msasa, tundu la skrubu lililolegea linajazwa kijiti na gundi kisha linatobolewa upya, na mguu mmoja unaweza kubadilishwa bila kugusa mingine. Chipubodi haikupi nafasi hizo. Ikinywa maji inavimba, na ikishavimba hairudi. Skrubu iking'oka inatoka na punje zake, na ukiirudisha palepale haishiki tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chipubodi ni kama imenyeshewa: pitisha kidole kwenye ukingo wa chini, ule unaogusana na sakafu, na ukihisi uvimbe au ukiona vinia imeinuka, iache. Rafu iliyopinda katikati nayo iache. Iliyo kavu, yenye kingo nzima, bado inafaa kwa vitabu vichache au nguo nyepesi. Jitahidi tu kuibeba bila kuifungua, kwa sababu kila ukifungua na kufunga tena, maungio yake yanapoteza nguvu. Plaiwudi iko katikati ya hizo mbili. Inastahimili unyevu kidogo na inashika skrubu vizuri, ila matabaka yakianza kuachana pembeni, kazi ya kuyabana upya ni kubwa kuliko thamani ya ubao wenyewe.

Kuna pia suala la gundi. Nyingi zinazoshikanisha mbao hizi za kiwandani zina fomaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka mwaka 2004 katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Hapa fanicha kuukuu ina nafuu kuliko mpya, kwani gesi hiyo hutoka kwa wingi mwanzoni na kupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ukiikata kwa msumeno, hata hivyo, unafungua uso mpya na kurusha vumbi. Kata ukiwa nje, na uvae barakoa inayozuia vumbi laini. Wanaodhani mbao halisi haina madhara ya namna hii wajue kwamba vumbi la mbao lenyewe limo katika kundi hilohilo la kwanza.

Adui wa mbao halisi ni wadudu wanaobungua. Matundu ya mviringo ya milimita 1 hadi 2 ni milango waliyotokea waliokomaa, na huenda walitoka miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo matundu peke yake hayanitoshi kuikataa meza nzuri. Kinachonifanya niiache ni unga mpya, laini, unaodondoka nikigonga. Mchwa wa mbao kavu huacha kitu kingine kabisa: chembe ngumu zenye pande sita, urefu wake kama milimita 1, zikiwa zimekusanyika kama kichuguu kidogo chini ya tundu. Hizo ukiziona, usijadiliane na nafsi yako. Bonyeza pia kwa ncha ya bisibisi kwenye miguu na chini ya droo, maana mbao iliyoliwa ndani huzama hata kama rangi ya juu ni nzima. Ukibaki na shaka, ifute, iweke juu ya karatasi nyeusi mahali pakavu nje ya nyumba kwa wiki kadhaa, halafu angalia karatasi.

Paleti za mizigo hazikutengenezwa kuwa fanicha, lakini watu huzigeuza vitanda na meza, basi zina haki ya kutajwa. Tafuta muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kutibu mbao za mizigo dhidi ya wadudu, uliopigwa kwenye mbao. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa angalau dakika 30, na hiyo nitaitumia. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, na hiyo siitaki ndani ya nyumba. Isiyo na muhuri wowote, au yenye madoa ya kitu kilichomwagika usichokijua, naiweka kundi moja na MB. Mbao za nje zenye ukijani hafifu, za uzio wa zamani au vibaraza, huenda zilitiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao za kabla ya hapo bado zipo. Usizigeuze meza ya kulia, na usizichome hata kama ni za kutupa, kwa sababu aseniki hubaki kwenye majivu na kupanda na moshi.

Yenye vanishi na yenye rangi

Viti viwili vya mbao, kimoja kina vanishi, kingine kimepakwa rangi mara kadhaa. Nitachukua cha vanishi, na sababu yangu ni risasi, yale madini mazito yaliyokuwa yakichanganywa kwenye rangi ili ikauke haraka na kudumu. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo mwaka 1978, ikiwemo kwenye fanicha. Nchi nyingine zilichelewa sana, na zipo ambazo mpaka leo hazina sheria juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa mwili wake hufyonza sehemu kubwa ya anachomeza, ubongo wake bado unakua, na mikono yake haikai mbali na mdomo.

Dalili ya kutazama ni rangi nene, ya matabaka, iliyopasuka vipande vyenye umbo la magamba. Dalili hiyo haithibitishi kitu, na kukosekana kwake pia hakuthibitishi. Vipo vijiti vya kupimia nyumbani, ila majibu yake hupotoka mara nyingine, hasa risasi ikiwa kwenye tabaka la chini. Kipimo cha maabara ndicho cha kutegemewa. Bila kipimo, mimi hukihesabu kitu chochote cha zamani chenye rangi kuwa na risasi.

Hatari kubwa huja pale unapotaka kukifanya kiwe kizuri. Rangi iliyoshika vizuri, isiyobanduka, hudhuru kidogo kuliko vumbi la rangi hiyohiyo lililosambazwa na msasa mkavu nyumba nzima. Kuichoma kwa moto nako hutoa mvuke wenye risasi. Kuna dawa za kubandua rangi zenye methilini kloridi ambazo mvuke wake umewaua watu waliozitumia kwenye vyumba vilivyofungwa, na kwa sababu hiyo Marekani ilizuia kuuzwa kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2019. Kwa hiyo, kati ya kubandua na kufunika, funika. Osha kwa maji ya sabuni, lowesha kabla ya kugusa kwa msasa, futa kwa kitambaa cha kutupa, kisha paka rangi mpya juu yake. Kiweke mahali ambapo hakisuguliwi. Droo na milango inayokwaruzana kila siku haifai kwa njia hii, maana tabaka jipya litalika na la zamani litaanza kuwa vumbi tena.

Chenye vanishi kina kazi nyepesi zaidi. Tahadhari moja tu, ambayo wengi hawaijui: ukimalizia mbao kwa mafuta ya kitani, usikunje wala kurundika vitambaa ulivyopakia. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baadaye. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke.

Yenye sponji na isiyo na sponji

Hapa ndipo uamuzi wangu ni mkali kuliko pengine pote. Godoro la kuokota siligusi. Kochi la kitambaa silichukui, isipokuwa ninamfahamu mwenyewe na nimeingia nyumbani kwake.

Kunguni aliyekomaa ana urefu wa kama milimita 5, bapa, wa kahawia, na anapita kwenye ufa ambao kadi ya benki inaingia. Mtoto wake aliyetoka kuanguliwa ni wa milimita 1 hivi na karibu haonekani kabla hajanyonya damu. Mayai ni meupe, ukubwa huohuo, yamegandishwa kwenye mishono na nyufa. Anaweza kukaa miezi bila kula, na kwenye ubaridi anakaa zaidi. Kwa hiyo kochi lililowekwa stoo muda mrefu si lazima liwe salama. Ukikagua, usimtafute mdudu peke yake. Tafuta madoa meusi kama nukta za wino, ambayo ni kinyesi chake, na magamba mepesi ya ngozi aliyoivua. Tazama kwenye mishono, chini ya mito, kitambaa cha mvungu, na pale mbao zinapokutana.

Kiti cha mbao tupu nacho kinaweza kuwa na kunguni, na hili lisemwe wazi. Wanapenda matundu ya skrubu, maungio na reli za droo. Lakini maficho hayo unayafikia kwa tochi na kadi ngumu ya kukwangulia, na unaweza kuyafuta, kuyapitishia mvuke wa moto, kuyaziba. Ndani ya kochi kuna springi, sponji, mbao mbichi na nafasi tupu, na mkono wako haufiki.

Watu wengi hutegemea kupuliza dawa. Dawa ya kopo inaua wanaoguswa nayo, waliojificha wanabaki. Spiriti na mafuta ya taa ni mbaya zaidi, kwani haviwamalizi na vimewahi kuunguza nyumba. Joto ndilo linalofanya kazi, likifika ndani. Kwenye nyuzi 48 mayai yanahitaji zaidi ya saa moja ili yafe, tena hizo nyuzi 48 ziwe pale yai lilipo, si hewani. Kuliacha kochi juani hakufikishi joto hilo katikati ya sponji. Vitambaa vinavyovulika ni rahisi: vifue kwa maji ya nyuzi 60, au vikaushe kwa mashine kwenye joto kali kwa nusu saa. Vitu vidogo vinaweza kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4. Kochi haliingii kwenye friza.

Hata bila kunguni, sponji ya zamani ina mengine. Makochi mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 2000 yalitiwa dawa za kuzuia moto za jamii ya PBDE, ambazo baadhi ziliingizwa mwaka 2009 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa vichafuzi vinavyodumu. Sponji inayomomonyoka kuwa unga huzisambaza dawa hizo sakafuni. Na ikishalowa ikaota kuvu, harufu haiondoki kwa kufua juu.

Njia ya kati ipo, na naipenda sana. Kiti cha kulia chenye kikalio cha sponji kilichofungwa kwa skrubu nne chini yake: fungua skrubu, tupa kikalio, chukua fremu, tengeneza kikalio kipya. Hivyo hivyo kitanda. Godoro libaki, fremu ya mbao na chaga zake unaweza kuzikagua ubao kwa ubao. Viti vya henzirani ni vigumu zaidi kuamua. Havina sponji, ila msuko wake una maelfu ya vijificho. Kama msuko ni wa wazi na unapenya mwanga, napitisha mvuke na kuchukua. Ukiwa mzito wa matabaka, naacha.

Kochi la ngozi au plastiki laini lina nafuu juu tu. Ndani ni lilelile.

Chuma na plastiki

Chuma ni chaguo zuri na rahisi. Kutu ya juu inaondoka kwa brashi ya waya. Kutu inayotoka kwa magamba na kuacha mashimo imekula unene wa chuma, na ukibonyeza kwa bisibisi ikazama, kiache. Chunguza maungio yaliyochomelewa, hasa ya viti vya kukunja na vitanda vya ghorofa, kwa sababu ufa mwembamba hapo hufunguka ghafla mtu akiwa amekalia. Ncha za mabomba zilizopoteza vizibo zikagulie wadudu. Kuhusu pepopunda, kutu yenyewe haiileti. Vijidudu vyake vimo kwenye udongo na vumbi, na huingia kwa jeraha lenye kina. Chanjo ya kuongeza kinga, ambayo kwa kawaida hushauriwa kila miaka 10, iwe imekamilika kabla hujazoea kazi hii.

Plastiki huharibiwa na jua. Kiti kilichopauka, kinachoacha unga mweupe kiganjani, kimeshapoteza unyumbufu wake na kinaweza kupasuka bila kupinda kwanza. Usikigundishe. Ambacho hakikukaa juani kinaoshwa na kutumika siku hiyohiyo.

Meza ya kioo ikague pembeni. Kioo kilichoimarishwa huwa na alama ndogo iliyochapwa kwenye kona, na kikivunjika hutoka punje butu. Kisicho na alama kichukulie kuwa cha kawaida, chenye kutoa mapande makali, na usikitumie kama uso wa meza.

Kwa mwenyewe, kando ya barabara, au jalalani

Kitu kilekile kina thamani tofauti kulingana na ulipokitoa. Kwa mwenyewe unapata historia yake. "Samahani ndugu, hili kabati mnalitoa kwa sababu gani? Mmewahi kupata kunguni?" Watu wengi hujibu kweli, hasa ukiwauliza kwa upole na bila kuonyesha kwamba unawahukumu. Anayehama nyumba ni chanzo bora kuliko anayebadilisha godoro.

Kando ya barabara hupati historia, na mvua au mbwa huenda walitangulia. Hapo ukaguzi wote ufanyike kabla hujainua, si baada ya kufika. Kwanza hakikisha kimetupwa kweli. Kilichowekwa nje kinaweza kuwa kinasubiri gari, na sehemu nyingine sheria hukihesabu bado ni cha mtu au cha manispaa. Kubisha mlango kunachukua dakika moja.

Jalalani mimi sishauri. Fanicha imelaliwa na sindano, vioo, kemikali na vyakula vilivyooza, na mitambo inapita. Makontena ya taka usiingie ndani yake kabisa, hasa yale ya gari la kubana taka, kwani kuna watu wamebanwa wakafa. Kama kitu hakifikiki ukiwa umesimama nje, kiache.

Popote utakapokwenda, vaa viatu vilivyofunika mguu na glavu nene, na uwe na tochi. Kabati refu libebwe na watu wawili, milango ikiwa imefungwa kwa kamba na droo zimetolewa.

Vya watoto

Kwa vitu vya watoto silegezi masharti. Kitanda cha mtoto mchanga cha kuokota nakiacha hata kikiwa cha mbao safi. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6 kwa kiwango kinachotumika Marekani, na vile vyenye upande unaoshuka vilipigwa marufuku huko mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa. Mara nyingi vilivyotupwa vimepungukiwa na skrubu moja au mbili, na hizo ndizo zinazokishika. Kabati lolote la droo litakalowekwa chumba cha mtoto lifungwe ukutani kwa mkanda au chuma, kwa kuwa mtoto hufungua droo na kuzipanda kama ngazi.

Kabla ya kuingiza ndani

Kilichopita ukaguzi kikae barazani au mahali palipojitenga, kisafishwe hapo, kikauke kabisa. Fagia au nyonya vumbi kwenye maungio, kisha funga mfuko wa vumbi hilo na uutupe mara moja nje. Nguo ulizobebea ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto.

Na ukikuta kochi au godoro lenye dalili za kunguni, usiliache kimya kwa atakayefuata. Liandike kwa kalamu nene KUNGUNI, au likate kitambaa ili lisitamanike, hata kama si wewe uliyelitoa.